Imla za Bi Simu

Juzi nilikuwa jikoni namenya mbatata za kachori, na mjukuu wangu yuko ukumbini na simu yake, anajitayarisha na mtihani wa Kiingereza. Simu ikatoa sauti ya mwanamke, taratibu, safi, ikamwambia kwa Kiingereza kwamba atasomewa habari moja mara mbili, asikilize kwanza kisha aandike. Nikaweka kisu chini. Mjukuu akauliza, "Bibi, umejikata?" Nikamwambia sikujikata. Nilikuwa nimerudi mtaani kwetu Kiponda, mwanzo mwanzo wa miaka ya sabini, na sauti niliyokuwa nikiisikia ilikuwa ya mtu mwengine kabisa.

Sijui kama na wewe ulisoma skuli za mjini wakati huo. Kama ulisoma, imla huwezi kuisahau. Mwalimu husimama mbele, akasoma sentensi ya Kiingereza mara mbili, na nyinyi mkaandika mlichokisikia. Mtihani wetu wa mwisho wa sekondari ulikuwa na imla, na baada yake habari ndefu ya kusomewa ambayo maswali yake unayajibu kwa kukumbuka tu. Mimi nilitaka kuwa mwalimu, na bila ya kupasi Kiingereza, chuo cha ualimu ungekiona kwa nje.

Kusoma nilikuwa najua. Insha zangu mwalimu akiwasomea wenzangu. Lakini ikija imla nilikuwa wa mwisho darasani, daftari likirudi limejaa wino mwekundu, na wenzangu wakicheka kwa sababu mahali pa neno moja mimi nimeandika jengine lisilohusu kabisa. Mwalimu wetu alikuwa mtu mpole. Siku moja aliniita pembeni akaniambia, "Akili unayo, ila unaota mchana." Sikuwa naota. Nilikuwa nakodolea mdomo wake macho mpaka kipaji cha uso kinaniuma, na akigeukia ubaoni tu, basi, sentensi yote imepotea.

Nyumba yetu ilikuwa moja ya zile ndefu za mawe, sisi tukikaa chini na juu yetu akikaa mwanamke wa makamo tuliyemwita Bi Simu. Alifiwa na mumewe akiwa bado kijana, na kwa miaka mingi kazi yake ilikuwa kuunganisha simu za watu. Zama hizo ukinyanyua simu hukupiga nambari mwenyewe. Unamsikia mwanamke anakuuliza unamtaka nani, kwa Kiswahili au kwa Kiingereza, naye ndiye anayekuchomekea waya. Bi Simu alikuwa mmoja wa wanawake hao. Wakati ninaoukumbuka alikwisha acha kazi, na hatukujua kwa nini. Tulijua tu kwamba ngazi za kwake zinanukia udi na kahawa, na kwamba akizungumza, kila herufi inasimama mahali pake.

Mama yangu akishona kofia, kutwa amekaa mkekani na sindano yake. Alikuwa akinisikia ninavyojisomesha Kiingereza kwa sauti na kukatika katikati. Ijumaa moja akaoka mkate wa kumimina, akaufunika kwa kawa, akapanda nao juu. Aliporudi aliniambia kesho baada ya alasiri nichukue daftari nikamwone Bi Simu.

Nilimkuta kakaa karibu na dirisha. Nikamwamkia, akaitikia marahaba yake, akanionesha kiti. Kisha akachukua ncha ya kanga akaufunika mdomo wake, akasoma sentensi moja ya Kiingereza. Sikuandika kitu. Akasoma tena. Nikaandika maneno mawili, na yote mawili si yenyewe. Nilidhani atacheka au atanigombeza. Badala yake akanyanyuka akasimama upande wangu wa kulia, akasoma tena ileile kwa sauti ndogo kuliko ya mwanzo. Niliiandika yote.

"Kaa hivyo hivyo," akasema, akazunguka upande wa kushoto. Nikaona kwa pembe ya jicho kanga inatikisika, kwa hivyo nilijua anasema. Zaidi ya hapo nilisikia mvumo tu, mfano wa mtu anayezungumza nyumba ya pili.

Alimwita mama siku ileile. Mama akaja na uzi bado uko kidoleni. Bi Simu akamwambia mtoto huyu sikio la kushoto halisikii.

"Lilipona zamani hilo," mama akasema. "Alipokuwa mdogo likitoka usaha, bibi yake akamtia mafuta ya nazi ya vuguvugu, likakauka."

"Kukauka lilikauka, shoga. Kusikia ndiko hakukurudi."

Mama akakaa chini. Nilimwona anauzungusha ule uzi kidoleni, anauzungusha, mpaka ncha ya kidole ikawa nyeupe. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Nnakuomba lisitoke humu. Huyu mtoto wa kike. Watu wakisikia ana ila, hawatasema sikio, watasema kiziwi."

"Mimi sitolisema," Bi Simu akamjibu. "Ni lake. Atalisema mwenyewe akitaka."

Nikamuuliza amejuaje. Akagusa sikio lake. Miaka yote ile kile chuma cha kusikilizia kilikaa kichwani kwake kutwa, akasema, na sikio lake limechoka. Alianza kuwaunganisha watu siko, na mara moja aliunganisha simu ya msiba nyumba isiyokuwa na msiba. Ndipo alipoomba aache mwenyewe kabla ya kuambiwa. Alilieleza hilo bila ya kujionea huruma.

Tangu siku hiyo nikawa napanda kwake kila jioni, baada ya alasiri mpaka karibu na magharibi. Nilitarajia atanifundisha kusikia. Akanifundisha maneno. "Sikio moja halitakamata kila kitu," aliniambia, "basi lipunguzie kazi. Ukiwa na maneno mengi kichwani, ukisikia nusu ya neno utaijua nusu ya pili. Si ndivyo unavyofanya kwa Kiswahili?" Nikafikiri, nikaona ni kweli. Maisha yangu yote, kwa mama, kwa mashoga zangu, sokoni, nilikuwa nasikia nusu na nusu naijazia, wala sikujua kwamba wengine hawafanyi hivyo.

Maneno tuliyatafuta popote. Vitabu vilikuwa adimu, kama vitu vingi wakati ule; mchele na sukari tukivipangia foleni. Basi tulisoma kopo la maziwa ya unga, tulisoma karatasi ndani ya kisanduku cha dawa, tulisoma vipande vya magazeti ya Kiingereza vilivyofungiwa njugu, vinanuka chumvi na mafuta, na habari inakatika pale pale inapoanza kunoga. Bi Simu hakukubali neno liandikwe peke yake. Nikileta "injury" anataka na "injure" na "injured", na sentensi tatu za watu walioumia. Halafu yale yanayofanana. "Fifteen" na "fifty" nimezirudia mpaka nikaziota, kwa sababu, alisema, kati ya hizo mbili yako maugomvi mengi aliyowahi kuyasikia kwenye waya.

Dirisha hakufunga hata siku moja. Chini muuza kahawa anagonganisha vikombe vyake, watoto wanakimbiza ringi, jirani anatwanga. Nikimwomba alifunge ananiambia, "Mtihani hautangoja mji unyamaze." Akanimiminia chai ya mchaichai, akafunika mdomo kwa kanga, tukaendelea. Nikilia, maana nililia mara mbili tatu, alikuwa ananingoja nimalize, kisha anaisoma sentensi ileile, si polepole zaidi, vilevile.

Siku ya mtihani nilifika mapema na kalamu mbili. Ukumbi ulipangwa madeski yenye nambari, na nambari yangu ilinipeleka pembeni kabisa, ukuta ukiwa kuliani kwangu. Msimamizi, mgeni kutoka nje ya skuli, akachukua karatasi yake akaenda kusimama mlangoni, kushoto kwangu, palipokuwa na hewa. Nikaelewa hapo hapo. Sikio langu zima lilikuwa linatazama chokaa.

Nilimfikiria mama na ule uzi kidoleni. Ukumbi mzima wasichana wa mjini, kila mmoja ana mama, shangazi, jirani. Nikisema sasa, adhuhuri haitofika habari haijazunguka Kiponda. Nikinyamaza nitaandika mvumo. Msimamizi akafungua karatasi. Nikanyanyua mkono.

Nikasimama, nikamwambia kwa Kiingereza, kwa heshima, kwamba sikio langu la kushoto halisikii, na naomba kuhamia upande wa pili. Sentensi hiyo nilikuwa nayo tayari. Bi Simu hakunipa, niliitunga mwenyewe kitandani wiki nzima. Wasichana wote wakageuka. Msimamizi akatazama orodha yake, akanijibu kwamba nambari hazibadilishwi, haruhusiwi.

Nusu ya maneno yake nilikuwa nimeyajazia mwenyewe. Kisha nikasikia sauti yangu inamuuliza, kwa Kiingereza ambacho sikukitayarisha: basi yeye, bwana, haruhusiwi kuhama?

Hakucheka. Akautazama ule ukuta, akanitazama mimi, akaitazama orodha yake tena. Akachukua karatasi yake, akapita nyuma ya madeski yote, akaja kusimama kuliani kwangu, baina ya deski na ukuta, pembamba pale mpaka chokaa ikampaka koti. Akaanza kusoma.

Mama alikwisha pata habari kabla sijafika nyumbani. Nilimkuta mlangoni, hana sindano mkononi. Nikajitayarisha kwa maneno yake. Akanivuta ndani, akanizungusha mpaka akawa upande wangu wa kulia, akaniinamia. "Nilikuwa nakukinga na macho ya watu," akasema. "Kumbe nilikuwa nakufungia humo ndani." Halafu akaniuliza kama nimekula. Tangu siku ile mpaka anaingia kaburini, mama yangu hakuwahi kuniambia neno kutokea kushoto.

Majibu yalichelewa miezi. Katika miezi hiyo mvua za masika ziliteremsha kipande cha paa la nyumba yetu, ngazi za juu zikawa si za kukanyaga, na Bi Simu akahamia Bububu, nje ya mji, kwa kaka yake. Nilipopata majibu, nimepasi, si kwa alama za kujivunia lakini nimepasi na chuo nimekipata, nilikwenda Bububu na mkate wa mama ndani ya kikapu. Njia nzima nilikuwa naipanga hadithi: ukuta, orodha, koti lenye chokaa. Nilitaka kuieleza kwa Kiingereza, tangu mwanzo mpaka mwisho.

Nilipiga hodi, sikujibiwa. Nikaingia uani, nikamkuta anachambua mchele. Nikamwamkia, hakunyanyua kichwa. Wifi yake akaja akamgusa bega, akaniambia kwa upole kwamba siku hizi hasikii tena, upande wowote.

Bi Simu aliponiona alifurahi sana, akanikalisha. Sikujua nifanye nini na ile hadithi yangu. Mwisho nikatoa daftari, nikaandika. Nilianza, "I have recieved my results," nikaendelea ukurasa mzima, kila kitu. Akausoma kwa kidole, mstari kwa mstari. Kwenye habari ya koti alicheka mpaka akafuta macho. Alipomaliza akachukua kalamu ya risasi, akarudi mstari wa kwanza kabisa, akaikata "i" na "e" akazibadilisha nafasi. Kisha akauchana ukurasa, akaukunja, akautia kifuani ndani ya kanga.

Alifariki nikiwa chuoni. Nyumba ya Kiponda nayo haipo. Ilianguka kwa mvua nyengine, na pale ilipokuwapo watu wanaegesha vespa. Ule ubao wa kuchomekea waya za simu uling'olewa, na wanawake waliokaa mbele yake hawaulizwi tena habari zake. Hakuna aliyeirikodi sauti ya Bi Simu. Na hali kwa miaka mingi watu wa kisiwa hiki, madaktari, wafanyabiashara, wapenzi waliokuwa wakijificha, waliisikia ikiwauliza wanamtaka nani, na wakipishana naye njiani hawakumjua. Waliobaki wanaoikumbuka ni wachache, na kila mwaka tunapungua. Mimi bado nimo.