Mwimbaji wa Kwanza wa Sahani ya Laka

Siku yangu ya kwanza kazini, Mkuu wa Ghala alichukua santuri iliyokwisha haribika, akainyanyua hadi usawa wa kifua, akaiachia. Ilipasuka sakafuni vipande vipande. Nilishtuka nikarudi nyuma.

"Umeusikia huo mlio?" akaniuliza. "Nisiusikie tena wewe ukiwa zamu."

Ndivyo nilivyopokelewa katika maktaba ya sauti, nje kidogo ya Manassas, huko Marekani. Nilikuwa nimetoka Morogoro nikiwa fundi redio, nimezoea kufungua mitambo na kuijaribu bila woga, maana kilichoungua hubadilishwa. Hapa hapakuwa na cha kubadilisha. Tangu asubuhi ile hadi nilipostaafu, sikuwahi kuingia kazini bila woga. Vijana mnaoingia kazi hii sasa mnaniuliza kama woga huisha. Hauishi. Mnajifunza tu kuutuliza usifike vidoleni.

Nilianzia ghalani, kwenye baridi, nikipanga santuri wima kama vitabu, kwa sababu zikilazwa hupinda. Kisha nikahamishiwa chumba cha kusafishia. Huko nilifanya kazi na Wambui, Mkenya wa Nyeri, ambaye siku za mapumziko alitunza wazee. Mwishowe nikapelekwa kwenye meza ya kuhamishia sauti, tunapopiga santuri na kuiingiza kwenye kompyuta. Hapo bosi alikuwa Msimamizi wa Maabara, mama mmoja mrefu wa Kimarekani mwenye viatu visivyo na mlio. Ungegeuka ukamkuta yuko nyuma yako, na hujui amesimama tangu lini.

Nilipewa rafu ya michezo ya jukwaani ya nyimbo, ile ya zamani. Nyingi zilikuwa santuri za waigizaji wa kwanza, yaani wale wale waliofungua mchezo, waliorekodiwa muda mfupi baada ya pazia kufunguliwa. Mimi nimelelewa na dansi na taarabu. Sikuona utamu wake. Nikasema hivyo, kwa adabu. Msimamizi akaweka wimbo mmoja ulioimbwa na watu wawili katika santuri mbili tofauti, mmoja wa kwanza na mwingine wa miaka ya baadaye. Wa baadaye alikuwa na sauti safi kuliko mwenzake.

"Huyu wa pili anajua wimbo unapendwa," akasema. "Huyu wa kwanza hajui bado. Sikiliza tena."

Nikasikiliza. Sauti ilikuwa imekwaruzika, maana walirekodi siku yao pekee ya mapumziko, wakiwa wamechoka. Lakini kila neno alilitamka kama mtu anayevuka mto asioujua kina chake. Kuanzia siku hiyo nikawa mteja wa rafu ile.

Sasa niwaambie kuhusu sahani ya sauti ya Bi Marjorie.

Aliyeileta ni binti yake, mwenyewe akiwa mtu mzima mwenye mvi. Mama yake alikuwa mwimbaji maarufu aliyeimba nafasi kuu katika mchezo mmoja uliopendwa sana, na santuri yake kila mpenzi wa michezo hiyo aliijua. Sahani hii ilikuwa nyingine. Ilikuwa ya majaribio, iliyokatwa kabla mchezo haujafika jiji kubwa, na ilikutwa nyumbani kwa marehemu mtunzi wa nyimbo zile.

"Mama amepita tisini," alituambia. "Nataka asikie alivyokuwa akiimba akiwa msichana. Nawaomba."

Nilipoifungua, moyo ulinishuka. Sahani ya aina hiyo ni bati la alumini lililopakwa laka, yaani rangi ngumu kama vanishi, na sauti imechorwa kwenye laka hiyo. Miaka ikipita, laka husinyaa lakini bati halisinyai, basi laka inapasuka na kubanduka. Hii ilikuwa na nyufa kama udongo wa kiangazi. Kompyuta zenye kamera za kusoma sahani iliyopasuka bila kuigusa kwa sindano hatukuwa nazo wakati ule, na tulipouliza kwingine, tuliambiwa foleni ni ndefu. Laka iliendelea kubanduka hata ikiwa kabatini.

"Itacheza mara moja," Msimamizi alimwambia yule binti. "Huenda isimalize."

Binti alikubali kwa macho kabla ya kusema ndiyo.

Asubuhi ya kazi, Wambui alinisimamisha mlangoni. "Mzee, leo usiguse kahawa. Mikono itakushtaki."

Sikuigusa. Nilishusha sindano huku nimezuia pumzi. Kukatoka mkwaruzo, kisha piano, kisha msichana akaanza kuimba. Sijui niielezeje sauti ile. Ilikuwa changa, na iliogopa, na ilisonga mbele hivyo hivyo.

Kisha nikaona kipande cha laka kimenyanyuka kama utando wa maziwa ya moto, kinazunguka kuelekea sindano.

"Usiinue," Msimamizi akasema nyuma yangu. Alijua, nami nilijua, kwamba tukiinua hatutapata pa kushusha tena.

Kipande kikapita chini ya sindano. Ukasikika mlio mkavu, na wimbo ukaendelea. Mzunguko uliofuata kikanyanyuka kingine, kikubwa zaidi. Msichana alikuwa amefika sehemu ya juu kabisa ya wimbo laka ilipobanduka yote kwa pamoja na kujisokota kwenye sindano. Kimya. Bati tupu likawa linazunguka, linang'aa. Nilijihisi kama mtu aliyeangusha mtoto wa watu.

Siku chache baadaye tulimpelekea Bi Marjorie sauti hiyo katika nyumba ya wazee huko Fairfax. Njiani niliwaza jambo moja. Je, akilia kwa ule mwisho uliokatika? Binti yake alimweka vizuri kwenye kiti, nami nikabonyeza.

Alisikiliza akiwa amefumba macho. Halafu akayafumbua.

"Huyo si mimi."

"Mama, ni wewe. Ulikuwa kijana tu."

"Nimesema si mimi. Huyo ni Dolores."

Chumba kikawa baridi kwangu. Tumeiharibu sahani ya mtu mwingine, nikawaza.

"Dolores ndiye aliyekuwa wa kwanza," Bi Marjorie akasema. "Aliugua kifua kabla hatujafika jijini. Mimi nilitolewa mstari wa nyuma wa waitikiaji nikavaa gauni lake. Miaka yote nawaambia watu, wanasema nina unyenyekevu. Hata wewe, mwanangu, ulisema hivyo."



"Rudisha," Bi Marjorie akaniambia. Nikarudisha. Katikati akanyoosha mkono. "Hapo! Mmesikia anavyovuta pumzi kabla ya neno la mwisho la mstari huo? Niliiiga kwake. Watu wamenisifia pumzi hiyo maisha yangu yote." Alicheka huku machozi yakimtoka. "Nilidhani nitakufa nikiwa mimi tu ninayejua kwamba aliwahi kuwapo. Andikeni jina lake."

Msimamizi aliliandika pale pale, akamsomea herufi kwa herufi. Binti alikuja kutafuta sauti ya mama yake na hakuipata, lakini alipiga magoti kando ya kiti, akasema, "Mama, niambie habari zake." Tukawaacha.

Nimestaafu sasa. Mwaka huu daktari wa masikio, huko Sterling, alinifanyia vipimo, akaniambia sauti za juu zimeanza kuniondoka na hazitarudi. Hofu niliyoizoea ilikuwa ya vitu vya watu. Hii ni yangu, na bado sijaijulia.

Jumapili, baada ya kanisa, mjukuu wangu hukaa nami tukasikiliza santuri. Namuuliza kwa Kiswahili, ananijibu kwa Kiingereza. Juzi aliniambia kuna filimbi ndogo inapiga juu kabisa, nyuma ya waimbaji. Nilifumba macho, nikakaza masikio. Hakuna kitu. Nikamwomba anyanyue kidole kila inapolia.

Wimbo ulipoanza tena, niliyafumbua macho, nikakitazama kidole chake.