Pampu ya Landrova ya Mzee Masanja

Mzee Masanja wa Sapiwi aliomba kwamba siku akifa apelekwe makaburini kwa Landrova yake ya zamani. Alipofariki mwezi uliopita, gari hilo lilikuwa linavuja maji, na mjane wake akaniita mimi, fundi wao, nibadilishe pampu ya maji.

"Chukua hii mbovu ukalinganishe dukani," aliniambia.

"Usihangaike, Mayu," nilimjibu, nikimwita mama kwa Kisukuma. "Gari hii naijua mwenyewe."

Mjini Bariadi nilionyeshwa pampu mbili, nikachagua iliyoonekana imara zaidi. Matundu ya bolti yalikubali, nikaifunga. Lakini shafti yake, mhimili unaobeba feni, ilikuwa ndefu kidogo, kwa hiyo feni ikasogea karibu mno na rejeta, pale maji ya injini yanapopozwa. Niliona kabisa. Nikawasha, haikugusa. Kwa jinsi nilivyojisifu, niliona aibu kurudi dukani.

Siku ya mazishi niliendesha mwenyewe, jeneza likiwa nyuma, na waombolezaji wakifuata kwa miguu huku wakiimba. Tuliposhuka korongoni, injini ilisogea mbele kwa ule mteremko na feni ikapasua rejeta. Maji ya moto yaliruka, mvuke ukatanda, na wimbo ukakatika.

Mjane akaja dirishani. "Kumetokea nini?"

"Pampu niliyofunga siyo yake, Mayu. Niliona, nikanyamaza."

Aliwatazama wanaume waliokuwa wameanza kushusha jeneza ili walibebe mabegani, kisha akanifungulia mlango.

"Shuka," akasema. "Nenda ukashike jeneza pale mbele."