Badria na Dashibodi Isiyokumbuka Jana

Badria Abubakary akikasirika hapigi kelele. Anavua miwani, anaifuta kwa ncha ya mtandio, anaivaa tena, halafu anaitazama kompyuta kwa namna inayokufanya uionee huruma. Wiki ninayoisimulia niliacha kuhesabu mara alizoifuta.

Ni binti wa Ilala, baba yake fundi redio. Kwa elimu yake ya kompyuta angeweza kuwa benki yoyote mjini, lakini yuko kwetu Mchafukoge, kwenye kampuni ya kuuza vifungo, zipu na nyuzi kwa jumla. Mimi nauza kaunta, duka la chini. Yeye yuko ghorofa ya pili anasimamia mfumo wa oda. Fundi cherehani wa Songea au Tabora anachagua zipu kwenye simu yake, anatuma, na asubuhi karani wetu, Bi Mwanamkuu, anaikuta oda na kuipeleka stoo.

Mfumo huo una miezi miwili na nusu. Unaendeshwa na kompyuta tatu zilizounganishwa zikawa kundi moja, wenyewe wanaita klasta. Programu zimefungwa kwenye makontena, yaani visanduku visivyoshikika ndani ya kompyuta, na juu yake kuna nyapara, naye ni programu, anayeitwa Kubernetes, anayeamua kontena lipi likae kompyuta ipi. Kompyuta moja iko ofisini juu, moja stoo ya ghorofa ya kwanza, moja chini ya kaunta yangu. Badria alizitawanya makusudi ili moja ikipatwa na balaa, nyingine zibaki.

Tangu mfumo uanze, oda za jioni zikawa zinapotea. Mteja anapiga simu asubuhi anafoka kwamba alituma jana baada ya magharibi, na kwenye orodha hakuna kitu. Badria alisema mfumo ukaguliwe. Bosi wetu, Mzee Devendra, hakutaka kusikia.

"Si ulisema mwenyewe mfumo haulali?" alimjibu. "Mama huyu anazifuta bila kujua. Umri umeenda."

Alisema hivyo mbele yetu sote, Bi Mwanamkuu akiwa pale pale, mtu aliyepokea oda za kampuni ile miaka ishirini na miwili, nyingi kwa simu ya mezani na daftari. Akampa mama huyo mpaka Jumamosi. Hali isipobadilika, apumzike nyumbani.

Maneno yale yaliniudhi, lakini kilichoniudhi zaidi ni kwamba Bi Mwanamkuu alianza kuyaamini. Mama yake mzazi aliumaliza uzee wake akiwa hawatambui wanawe. Jumatatu asubuhi alimvuta Badria pembeni ya kaunta yangu.

"Mwanangu, niambie ukweli. Ni mimi ninayezifuta?"

"Sijui, bi mkubwa. Lakini nitajua. Naweka dashibodi, ukurasa wa michoro ya kuuchunguza mfumo. Itachunga kila kompyuta na kila kontena, mchana na usiku, na itaandika saa ya kila kinachotokea."

Kusema ni rahisi. Asubuhi nzima iliisha kwenye faili la maelekezo analopewa nyapara. Nafasi moja tu ilikuwa imezidi mwanzoni mwa mstari, na nyapara akakataa faili zima bila kusema ni mstari upi. Likaja kukubaliwa, kontena la dashibodi likawaka na kuzima, likawaka na kuzima, hadi Badria alipoliongezea nafasi ya kufanyia kazi. Kompyuta yangu ya kaunta ndiyo iliyokuwa na kazi chache zaidi, kwa hiyo akaifungia dashibodi huko. Alasiri mistari ya kijani ikatokea, tukashangilia.

Jumanne asubuhi dashibodi haikumbuki jana. Michoro yote ilianza saa mbili na nusu asubuhi, kabla ya hapo ni weupe mtupu. Badria akaipanga upya kutoka mwanzo. Jumatano, weupe tena, na saa mbili na nusu ile ile.

"Hivi hii kitu inanitania?" aliniuliza. "Nimeiweka ituonyeshe usiku, na usiku ndio inaousahau!"

Mzee Devendra alipita, akakitazama kioo cha kompyuta, akasema kina rangi nzuri. Badria akafuta miwani.

Mchana akagundua kosa lake. Kumbukumbu za dashibodi zilikaa ndani ya kontena lenyewe, na kila nyapara anapolitengeneza upya, linaanza bila kitu. Alijitukana kwa sauti, jambo ambalo nilikuwa sijawahi kulisikia kwake. Akaihamishia dashibodi kwenye kompyuta ya stoo, yenye diski kubwa, na kuitengea mahali pa kudumu kwenye diski. Alhamisi asubuhi usiku mzima ukawa umeandikwa. Kompyuta mbili zilikesha. Ya kaunta ilikatika saa kumi na mbili na dakika ishirini jioni, ikarudi saa mbili na nusu asubuhi.

Alishuka akabadilisha waya wa umeme. Ijumaa asubuhi, hadithi ile ile, tofauti ni dakika mbili tu.

"Mashine mbovu haifi kwa ratiba," alisema. "Jioni mnafanya nini hapa?"

"Hatufanyi kitu. Tunafunga."

"Mnafungaje?"

Nikamweleza. Mzee anawasha ubani mbele ya picha za miungu yake, anaomba kidogo. Halafu anazunguka duka zima na kuzima swichi za ukutani moja moja kwa mkono wake, kwa sababu miaka ya nyuma duka la jirani liliungua usiku. Juu na stoo hafiki, ngazi zinamuumiza magoti. Sisi tunamsubiri nje.

"Na ya chini ya kaunta?"

Nikainama nikaitazama. Miaka tisa nimemwona Mzee akiizima swichi ile. Na kila asubuhi saa mbili na nusu anayeziwasha zote ni mimi, kwa kidole changu mwenyewe. Kontena la kupokea oda nalo lilikuwa limefungiwa humo humo, nyapara asiweze kulihamisha. Nilitamani ardhi inimeze.

Jumamosi Badria alituita wote juu. Mzee Devendra alipanda akilalamikia magoti, wapakiaji wa stoo wakajazana ngazini. Kwenye kioo kulikuwa na jioni tatu, zote zimekatika saa ya kufunga duka. Badria akamweleza taratibu ni swichi ipi na ni mkono wa nani.

Mzee alikodoa macho. "Lakini usiku hakuna mtu anayekaa kwenye kompyuta ile. Inawaka ya nini?"

Hakuna aliyecheka. Bi Mwanamkuu ndiye aliyeuliza.

"Kwa hiyo mimi sikufuta?"

"Hukufuta, bi mkubwa. Hata moja."

Akafungua mkoba, akatoa karatasi iliyochakaa kwa kukunjwa. Ilikuwa na majina ya wajukuu zake kumi na mmoja.

"Miezi miwili, bosi. Kila nikimaliza sala ya alfajiri najihoji haya majina, nione kama bado nimo."

"Basi, mama, yameisha," alisema Mzee. "Jumatatu njoo kazini."

"Hayajaisha. Uliyasema mbele ya watu."

Mzee Devendra alitutazama mmoja mmoja, kisha akatazama sakafu.

"Si yeye," alisema kwa sauti ndogo. "Ni mimi niliyekuwa nazima."

"Sema kwa sauti," akasema Bi Mwanamkuu. "Wa ngazini hawajasikia."