Suke Lenye Ndevu Nyeusi

Kila nikifungua kabati la mbegu kazini kwangu Kibiti, harufu ya mpunga mkavu hunirudisha jikoni kwa mama, Mohoro, ambako vicha vya masuke ya mbegu vilining'inia juu ya mafiga, vikila moshi. Mniwie radhi nikijisifu: mimi niliyejisomesha kwa kuuza vitumbua stendi, leo nina stashahada ya mambo ya mbegu, na shule za huku huniita niwaeleze watoto jinsi mmea unavyorithi sura ya wazazi wake. Lakini jaribio langu la kwanza nililifanya kabla sijamaliza kung'oa meno ya utotoni.

Mwaka huo, mama alipopita shambani kuchagua masuke ya mbegu kabla ya kuvuna, aliona katikati ya mpunga wetu usio na ndevu, zile nywele ngumu za ncha ya punje, shina moja lenye ndevu nyeusi. Ndevu hizo zilikuwa za mpunga wa shangazi Mwanahawa, ambaye shamba lake lilipakana na letu. Yeye na mama walipura kwenye jamvi moja, la shangazi, na kuamia, yaani kufukuza ndege, kwenye dungu moja, kibanda cha juu ya nguzo ambamo nilikulia nikisikiliza umbea wao. Mama akasema wifi yake hakukung'uta jamvi, kamchafulia mbegu. Shangazi akakana. Msimu uliofuata kila mmoja akajenga dungu lake, nami kila nilipopanda moja nilionekana nimechagua upande.

Niliomba lile suke. Kama ni mbegu ya shangazi, nikasema, itazaa ndevu tupu. Tuipande peke yake tuone. Mama akanipa kona ya shamba.

Masuke yalipotoka, mengi yalikuwa na ndevu, machache hayana. Mama akaonyesha yenye ndevu. Shangazi akashika moja lisilo nazo.

"Na hili nalo nimekuletea mimi, wifi?" Kisha akanigeukia. "Mwanangu, mpunga wako una baba wawili."

Wakaondoka kila mtu na njia yake.

Nilikuja kuelewa chuoni, mwalimu alipochora ua la mpunga na chavua yake. Mbegu iliyochanganyika jamvini ingezaa ndevu tupu. Shina letu lilikuwa mtoto wa mashamba mawili: mama yake wa kwetu, baba yake mmoja tu, wa kwa shangazi, na mshenga alikuwa upepo.

Likizo ilipofika niliwakalisha wote wawili kwenye mkeka, nikawachorea. Shangazi alisikiliza hadi mwisho.

"Kwa hiyo jamvi langu lilikuwa safi."

"Safi, shangazi."

Mama alichezea ukingo wa mkeka.

"Sawa, wifi, nilikuonea. Lakini upepo ulitoka kwako."

Shangazi alicheka mpaka akajifuta machozi kwa kanga. Vyeti vyangu viko ukutani, mkija mtaviona. Ila msimu uliofuata nilipokwenda Mohoro, nilikuta dungu moja tu, na sauti mbili zikifukuza ndege.