Bustani Iliyomfunika Mama

Sifa zote njema ni za Mola aliyetutoa katika udongo na kutuahidi kuturudisha humo. Amenipa umri mrefu, akili timamu na meno machache, na kila alfajiri nikiamka hapa Tegeta namshukuru. Namuomba pia anisamehe, kwa kuwa haya nayaandika nikiwa na hasira, na nilidhani hasira niliiacha ujanani.

Dada yangu anakaa Boko. Macho yake yanazimika. Daktari amemwambia kwamba kabla ya mwaka kwisha atakuwa anaona mwanga na kivuli tu. Hakulia. Alinipigia simu akasema, "Mdogo wangu, nipeleke kisiwani nikalione kaburi la mama kabla sijafungiwa dirisha."

Kisiwa hicho ni kidogo, na mji umekienea chote. Sie tulizaliwa huko kabla ya kuhamia bara. Siku ya mazishi ya mama wanawake walibaki ndani, kama ilivyo desturi yetu, nami nikashuka kaburini kumlaza. Dada hakuwahi kufika pale. Mumewe hakupenda wanawake waende makaburini. Alipokufa mume wakaja wajukuu, kisha maumivu ya magoti. Basi mahali alipolala mama pakabaki kichwani mwangu peke yangu.

Tuliposhuka botini, mama mmoja wa makamo, mwenye kofia pana ya ukili, alitusogelea. Ni mtembeza wageni.

"Shikamooni, wazee wangu. Nawapeleka kote: ngome, msikiti wa kale, tumalizie bustani mpya. Hiyo bustani kila mtu anaisifia."

"Marahaba. Lakini sie si wageni," dada akamjibu. "Hiyo ngome yako nimechezea kombolela humo, na nilikuwa sipatikani."

Yule mama akacheka, akatufuata. Ngome imepakwa chokaa na mlangoni wanauza kofia. Kwenye msikiti wa kale, ambao umebaki kuta tatu na kibla, tulisali rakaa mbili. Moyo wangu ulikuwa mweupe. Nikamshika dada mkono tukazunguka nyuma ya ukuta, palipo na makaburi.

Hapakuwa na makaburi. Palikuwa na nyasi zilizokatwa, benchi za saruji, bembea nne, na kibao chenye majina ya wakubwa waliofungua bustani. Pembeni kabisa, ndani ya uzio wa chuma, yalisimama makaburi matatu makubwa ya mawe, moja lina nguzo ndefu kuliko watu wawili.

"Hao ni matajiri wa zamani," akasema mtembeza wageni. "Wamehifadhiwa."

"Na wengine?"

"Wengine wepi, mzee?"

"Watu wamelala hapa pote."

"Aa, hao hawakuwa na alama. Wataalamu walisema yaliyojengewa ndiyo ya kihistoria. Huku kwingine palikuwa kichaka tu."

Damu ilinipanda. "Mama yangu ni kichaka?" Nilipaza sauti mpaka waliokuwa kwenye benchi wakageuka. "Mtu akizikwa na nguzo ni historia, akizikwa na udongo ni uchafu wa kufyeka?"

"Mzee wangu, mie nimeajiriwa kutembeza tu," akasema kwa unyonge, na alikuwa na haki. Sikunyamaza. Nilikuwa napiga kelele ili nisisikie kitu kingine.

Kitu chenyewe ni hiki. Mwaka mmoja baada ya mama kufa, dada aliuza bangili zake, akaagiza kaburi lijengewe ukuta mfupi wa chokaa. Mie nikarudi kutoka masomoni, kijana mwenye vitabu vipya, nimesoma kwamba makaburi hayajengewi. Hilo bado naliamini. Nikachukua nyundo, nikauvunja ukuta, nikaacha jiwe moja la matumbawe upande wa kichwa, maana alama inaruhusiwa. Dada alinyamaza kwa kuiheshimu elimu yangu. Lakini vitabu hivyo hivyo vinakataza kulikanyaga kaburi na kulikalia, na vinamtaka aliye hai amzuru aliyekufa. Mlango huo wa vitabu sikuuhimiza kwa mtu, wala kwa nafsi yangu. Tangu siku ile ya nyundo sikurudi kisiwani hata mara moja. Nilikuwa hodari wa nyundo tu.

"Yuko wapi?" dada akauliza.

Nikamwongoza. Nilihesabu hatua kutoka pembe ya msikiti, nikarudi, nikahesabu tena. Jiwe halikuwepo. Mkwaju niliokuwa nikiukumbuka umekatwa. Mwisho nikasimama karibu na bembea, nikasema, "Hapa."

Akavua viatu. Akainama, akaweka kiganja kwenye nyasi, akaanza kumsalimu mama kwa sauti ambayo sijaisikia tangu tukiwa watoto, akimwambia majina ya wajukuu mmoja mmoja. Alipofika wa nne nikashindwa.

"Dada, nimekuongopea. Sipajui."

Hakuondoa kiganja. "Ule ukuta ungekuwepo, tungepajua?"

"Tungepajua."

"Haya, shehe."

Miaka yote ameniita hivyo kwa heshima. Safari hii neno hilo lilitua kama kofi.

Akajikokota hadi katikati ya bustani, akaketi. "Soma. Kwa sauti, usomee wote. Na nikikusamehe nitakuambia. Leo bado."

Nikaanza Yasini. Sikufika mbali, filimbi ikalia. Mlinzi alikuja mbio: "Bibi! Nyasi hazikaliwi! Hamjaona kibao?"

"Nimeona," nikamwambia. "Nimeona na benchi zenu, na bembea zenu. Piga filimbi hiyo mpaka ipasuke, hatutoki."

"Muache mtoto wa watu," dada akasema. "Wewe soma."

Nikasoma hadi mwisho, mlinzi amesimama, filimbi mkononi.

Nimewaandikia wakubwa wa mji ule barua nikidai bembea ziondolewe na uzio uzunguke pote. Hawajajibu, naandika nyingine. Dada bado hajaniambia neno nililolingoja, nami sina haki ya kumharakisha.

Wewe uliyenisoma, Mwenyezi Mungu akupe elimu yenye huruma ndani yake, awarehemu wazazi wako popote walipolala, na akujaalie kuyazuru makaburi yao mapema. Amin.