Alhamisi za Kupepeta Ulezi

Darasa letu pale shule ya Izia lilinuka masweta ya mitumba. Ilikuwa miaka ile biashara ilipofunguliwa na marobota yakaanza kumiminika Sumbawanga, na kwa baridi ya Juni tulivaa chochote kilichotoka humo, hata kama mikono ilifika magotini. Langu nililipenda kwa kola yake ndefu, niliyofichia mdomo. Kila asubuhi mwalimu wa darasa alipoita jina langu, viganja vililowa, na neno dogo "nipo" likagoma kutoka. Mwalimu, mtu wa haraka na macho mabovu, aliandika mtoro. Wenzangu walicheka chinichini, wala hakuna aliyethubutu kumsahihisha. Mimi ni mtoro pekee niliyemfahamu aliyekaa dawati la mbele.

Mwishowe baba aliitwa na mtendaji wa kata. Baba, mkulima wa mahindi asiyekosa misa, aliona aibu kubwa. "Kama unanidanganya na kuishia njiani, utabaki shambani na mama yako," alisema. "Nafasi ataichukua mdogo wako." Nililia sana, maana shule niliipenda, na hilo hakuna aliyelielewa.

Aliyelielewa ni Mwalimu Skola, mwalimu wa malezi. Hakuniuliza kwa nini sijibu. Aliniuliza nahisi nini nikiitwa. Tangu hapo, kila Alhamisi baada ya masomo, mimi na waoga wenzangu watatu tulikwenda uani kwake kumsaidia kupepeta ulezi. Mikono ikiwa kazini, kila mtu huangalia ungo na hakuna anayemkodolea mwenzake macho, kwa hiyo maneno yalikuja yenyewe. Aliyemaliza ungo alitaja jina lake na kusema, "Nipo." Mwanzoni mwalimu alikaa karibu nasi. Wiki iliyofuata alisogeza kigoda nyuma hatua chache, kisha hadi mlangoni, kisha hadi penye uzio. "Sijasikia, mwanangu, upepo umechukua," alisema bila hasira. Alhamisi ya mwisho nilimkuta mwalimu wa darasa amealikwa, ameshika kikombe cha togwa. Ulezi ulinimwagika, lakini nilitaja jina langu na kusema, "Nipo."

"Kumbe sauti unayo!" alishangaa mwalimu wa darasa. Kesho yake aliniandika nimehudhuria, na nikabaki shuleni.

Siku hizi shule ya binti yangu ina chumba cha ushauri nasaha, chenye fomu na mshauri aliyesomea kazi hiyo. Nafurahi, ingawa wivu kidogo ninao. Mwezi uliopita niliitwa huko, kwa sababu binti huyo hutapika kabla ya kila mtihani. "Mama," mshauri aliuliza kwa upole, "katika familia yupo aliyewahi kuwa na hofu ya namna hii?" Mimi huongea kwenye mikutano ya kata hadi nikatazwe. Siku hiyo mkono wangu ulitafuta kola ya kufichia mdomo. Binti yangu alikuwa kando yangu akitazama viatu vyake, na miaka yote hiyo sikuwahi kumwambia habari hii.

"Mimi," nikasema, naye akainua uso kunitazama.