Kwenye Matanga ya Wakili

Juzi mjukuu wangu aliniletea kifuko cha pareto kutoka Kilolo, niweke stoo kufukuza wadudu wa mahindi. Alipokifungua, ile harufu kavu, chungu kidogo, ilinipanda puani nikalazimika kukaa. Mimi ni bibi wa Mlandege hapa mjini Iringa, mwenye rozari mfukoni na magoti yanayoniuma asubuhi. Lakini kwa muda ule nilikuwa Igowole, juu ya mkeka wa mama, na ukungu ulikuwa bado haujaondoka.

Kwetu maua ya pareto yalianikwa mbele ya nyumba, na kuyageuza ilikuwa kazi yangu na mama. Baba alikuwa ameshafariki. Kaka yangu Fidelis alipaswa kutusaidia, lakini yeye alikuwa golikipa, na golikipa, alituambia, hutunza mikono yake. Mama alimjibu kwamba hata jembe hushikwa kwa mikono. Basi alicheka, akatoweka.

Timu ilikuwa ya Wakili. Huyu alikuwa mtu wa kwetu aliyesomea sheria, akafanya kazi Mbeya, kisha akarudi nyumbani na koti jeusi, mpira mmoja na filimbi. Alasiri akiipuliza filimbi ile, vijana wa kijiji kizima waliacha walichokuwa nacho wakakimbilia uwanjani. Mmoja wao akikamatwa mjini kwa uzururaji, Wakili alivaa koti lake, akapanda lori la magogo, na kurudi naye. “Kijana asiye na kazi hana kosa,” alizoea kusema, “ana njaa tu.” Fidelis mwenyewe aliwahi kutolewa mahabusu Iringa namna hiyo. Mama alimpelekea Wakili jogoo wa shukrani, naye akamrudisha.

“Mchinjie golikipa wangu, mama Fidelis. Jumapili mabao yalimpita kama mlango usio na bawaba.”

Ndipo vikaja vita vya Kagera, na serikali ikampa Wakili kazi ya kukusanya vijana wa upande wetu. Nasikitika kusema kwamba kazi hiyo ilikuwa rahisi. Alipuliza filimbi ileile. Wakaja mbio, wengine na viatu vya mpira miguuni. Aliwaeleza kwamba nchi imevamiwa, akauliza nani yuko tayari. Hakumlazimisha mtu, kwa maana hakuwahi kuwaita wakakataa. Fidelis aliinua mikono yote miwili, kama anadaka mpira wa juu, na wenzake wakamcheka.

Mama aliuacha mkeka, akaenda uwanjani na vumbi la pareto mikononi.

“Atarudi, Wakili?”

“Nilimtoa mahabusu Iringa, mama. Na huko nitamtoa.”

Neno hilo mama alilishika kama mtu anavyoshika kamba ya kisima.

Vita viliisha. Waliorudi walirudi. Nyumba nyingine zilipokea taarifa, zikalia, zikafanya matanga. Kwa habari ya Fidelis hakuja mtu wala neno. Wakili alikwenda Iringa, akaenda Mbeya, akaenda hadi Dar es Salaam, na kila aliporudi alifika kwanza kwetu.

“Kamwene, mama Fidelis.”

“Kamwene. Umemwona?”

“Bado.”

Mama hakumfukuza, ila hakumpa kigoda pia. Basi alikaa mkekani na koti lake, akageuza maua pamoja nasi. Pareto ilimpigisha chafya vibaya sana. Nilicheka hadi nikaficha uso, na siku moja hata mama alisema, “Leo wakili ameshitakiwa na maua.” Hicho ndicho kicheko cha mwisho ninachokikumbuka nyumbani kwetu. Filimbi haikulia tena. Uwanjani watu walianza kuchunga ng'ombe.

Majirani walimsihi mama afanye matanga, anyolewe nywele kama desturi inavyotaka kwa mfiwa, apumzike. Alikataa.

“Nikinyoa, kisha atokee pale barabarani akione kichwa changu, nimwambie nilikuwa namlilia nani?”

Miaka ilipita. Siku moja Wakili, ambaye sasa alikuwa amekonda na kukohoa, alimweleza taratibu kwamba mtu akikosekana muda mrefu bila habari, mahakama inaweza kumhesabu kuwa amefariki. Angeshughulikia yeye mwenyewe, mama asihangaike.

Mama hakuinua macho. “Ulimchukua akiwa hai, Wakili. Sasa unataka nikusaidie kumuua?”

Wakili aligeuza maua mpaka mkeka ukaisha. Tangu hapo alikuja kugeuza maua tu, na masika yaliyofuata akafariki kwa kile kifua.

Siku ya kuanua matanga yake, ndugu zake walikaa kwenye benchi, na shangazi yake alishika wembe na beseni la maji. Mama aliinuka katikati ya wanawake wa kijiji, akavua kitambaa, akakaa mwisho wa benchi.

“Mama Fidelis,” shangazi alisema kwa upole, “hapa ni watu wa damu.”

“Ninyoe, shangazi.”

“Kwa undugu gani?”

“Ninyoe tu.”

Akamnyoa. Nywele zilizoanguka zilikuwa nyeupe zaidi ya nilivyojua. Ndipo mama alipolia, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, na wanawake wakanong'ona kwamba amemsamehe Wakili. Nami niliamini hivyo. Nilitembea naye kurudi nyumbani nikijivunia kuwa na mama mwenye moyo wa Kikristo.

“Mama, umemsamehe?”

“Hakuna tena wa kumtafuta mwanangu,” alisema.

Jioni ile aliiondoa rafuni sahani ya Fidelis, iliyomngoja tangu aondoke. Mimi nilidhani anaiosha. Ilinichukua mpaka nilipozaa na kuzika wa kwangu kuelewa kwamba mama hakumlilia Wakili. Mwanawe hakuwa na maiti, wala kaburi, wala siku. Aliazima matanga ya mtu mwingine, akamlilia humo.

Namshukuru Mungu kwa miaka aliyonipa, na nimejifunza kungoja bila kumdai majibu. Hili la Fidelis hajanijibu. Siku ya kuwaombea marehemu wote hupanda basi hadi Igowole, nikapalilia kaburi la Wakili, nikataja majina mawili, lake na la Fidelis. Wenye kaburi hawajawahi kunikataza.